Skrubu ya Nne

Dakika ya saba. Siku zote ya saba.
Mita imesimama kwenye wati mia nne,
imetulia kama mtu aliyeshiba,
mara sindano inashtuka, inaanguka,
na Soilihi, kule Moroni, anapiga kelele:
"Umekwenda mbali... mbali... rudia!"
Kofi moja la ubavuni, nguvu zinarudi.
Kesho kofi lile lile, hazirudi.
Nikikaa kimya nikahesabu hadi thelathini
zinarudi zenyewe, bila kuombwa radhi.

Amplifaya iliyokufa ina adabu:
imekufa, unaipasua, unaona.
Hii ya kufa na kufufuka ni deni la ndugu;
ukilidai halipo,
ukilisahau linabisha hodi.

Hapa Wete lawama ya kwanza ni ya umeme.
Nikaazima betri mbili za lori la Ngwali,
nikazibeba kwa rikwama, mgongo ukalia.
Dakika ya saba, ikaanguka.
Ya pili ikawa ya chumvi,
hii inayotafuna hata bawaba za kabati.
Nikapanda juu ya bati na spiriti na mswaki,
nikasugua maungio ya antena moja moja.
Jirani akauliza tangu lini paa lina meno.
Dakika ya saba.
Nikaing'oa antena, nikaweka kopo la mafuta
linywe nguvu zote, isisikike hata nyumba ya pili.
Ya saba.
Basi. Ugonjwa umo tumboni.

Nikaifungua. Mize akashika tochi,
mkono mmoja tochi, mkono mmoja pua,
maana vumbi la mle lilikuwa na umri wa kuoa.
Kwa kijiti cha mishikaki kilichobaki Idi
nikagusa kila tone la lehemu,
nikaibinya rilei, nikaitikisa koili,
nikainusa transista kama anunuaye samaki.
Ikafanya kazi.
Ya saba, ya kumi, ya arubaini!
"Leo sauti yako nene," Soilihi akasema, "umekula nini?"

Nikaifunga. Ya saba, ikaanguka.
Nikaifungua, ikapona.
Mtoto mtukutu, mbele ya mwalimu mkuu
anakunja mikono.
Shaame wa duka la simu akasema, "Iache wazi tu, mzee."
Nikamwambia mle mna umeme wa kuua,
na paka wa nyumba hii hakusoma.

Usiku wa tatu Mize akauliza:
"Hicho kifuniko unakifunga kwa nini?"
Nikaanza hotuba: hatari, vumbi, upepo wa feni...
Akanikata.
"Sikuulizi sababu. Nakuuliza kwa kitu gani?"

Kwa skrubu. Nne.
Tatu nyeusi, fupi, za tangu kiwandani.
Ya nne ndefu, inang'aa.
Nikaipiga tochi chini ya bati:
ncha yake imeng'ata ganda la waya mwembamba
unaoziambia transista amkeni.
Baridi, hakuna neno.
Joto likipanda, bati linatanuka,
ncha inashuka unywele mmoja, inagusa, zinalala.
Siku nne nimezunguka kutwa,
paa, betri, kopo, lehemu,
na kila usiku, kwa bisibisi yangu mwenyewe,
naukaza ugonjwa usilegee.
Methali ya nguo unaijua. Sitaitaja.

"Hebu nione," akasema.
Akaiweka kiganjani, akaigeuza, akaigeuza tena.
Nami hapo ndipo nikakumbuka ilikotoka:
mwaka jana, ile ya asili ilipopotea mkekani,
niliiazima chini ya cherehani yake.
Azima ya kimyakimya.
Cherehani ile ile inayoruka mishono,
leo inaruka, kesho hairuki;
aliyoipeleka kwa fundi Chake mara mbili,
fundi akaiona nzima, akatoza pesa, akairudisha.

Mize hakusema kitu.
Aliifumba tu ile skrubu mkononi.
Nami, kwa mazoea, nikatazama saa.
Dakika ya tano.
Ya sita.